Mama Mapasa na Njia ya Kalandari

Schaerbeek, tarehe 8/2/2009

Kabange, pacha yangu,

Jambo kwako, jambo kwa Jérôme bwana yako, jambo kwa Tatiana na badogo yake. Hapa tuko na uzima, aksanti Mungu. Baridi ya Bruxelles mwaka huu haina haya, inaingia mpaka mu soksi. Wim, bwana yangu, anakusalimia sana. Muchana anaendesha tram, na akirudi ku nyumba anaendesha miye: kula, lala, pumzika. Kazi yangu ya Ganshoren, ku nyumba ya bazee, inaendelea vile vile. Asubuhi naosha bamama ya bengine, mangaribi narudi mugongo ikiuma. Barua hii nampa Tonton Polycarpe, anashuka Lubumbashi na mizigo yake. Ku simu unajua mambo yetu, weye na miye tunaanza kugombana mbele ya kusema neno.

Bon. Sasa neno lenyewe. Kaa kwanza. Visa ya Mama imetoka!

Atakuja mwezi wa tano. Na sitamufungia mu appartement aangalie madirisha ya jirani Baturuki. Unakumbuka kalandari ya ule mon père Mutaliano, padri mwenye kupanda baiskeli na kanzu yake? Ile picha ya ku ukuta wa jikoni: njia inapanda kilima, miti myembamba imesimama pande mbili kama bantu banaongojea komunio, na nyumba moja kule mwisho. Mwaka uliisha, mingine ikaisha, Mama akakataa kuitoa. Donc, Wim ametafuta. Ile njia iko kweli! Iko Italia, mu Toscane, kati ya Sienne na muji mudogo banaita Pienza.

Tutapanda ndege mpaka Pise, tutakodi motokari ndogo, tutalala Sienne, na asubuhi tutashika barabara ya zamani, polepole, si autoroute. Wim amenunua carte kubwa ya njia, ameitandika ku meza, sasa tunakulia ku magoti. Anapiga alama na kalamu nyekundu: hapa Mama atanyoosha miguu, hapa kuko mayi ya moto inatoka yenyewe mu udongo, hapa tutaonja fromage ya maziwa ya kondoo. Ni safari ya asubuhi moja tu, lakini itakuwa asubuhi ya Mama.

Fikiri, Kabange. Mama Mapasa wa Katuba ndani ya ile picha! Nakuandikia juu ufurahi pamoja na miye.

Kyungu wako


Katuba, tarehe 15/3/2009

Kyungu,

Barua yako ilifika, Tonton Polycarpe aliileta pamoja na soksi na sabuni. Aksanti. Hapa tunasukuma siku. Jérôme kifua kilimubana lakini amepona. Tatiana anasoma muzuri, masœur ya ku masomo banamusifu. Mvua iliangusha ukuta wa choo, tumeusimamisha tena. Courant ya taa inakuja saa inayotaka yenyewe, kama bwana mwenye bibi babili. Mama eko muzuri, ni magoti tu. Tangu asikie habari ya visa anatembea mu parcelle, mbele ya nyumba, akiimba.

Unasema nifurahi. Nimejaribu. Nilikaa ku kiti nikajiambia: Kabange, furahi. Haikukuja.

Tuongee kama bantu. Weye na miye tulitoka mu tumbo moja siku moja. Mama alitulea namna mapasa banalelewa kwetu: kintu ya mumoja ni ya babili, na siku ile ile. Yai ni moja, anaikata katikati na uzi. Kikwembe ni kimoja, anashona robe mbili. Unakumbuka ulipougua surua, muganga akakuchoma shindano, na Mama akamwambia, "Na huyu pia"? Weye uliugua, miye nilichomwa! Nililia kukupita, na sikuwa hata na homa. Alikuwa na woga, juu kwetu banasema pacha akiona mwenzake amepewa na yeye hapana, anakasirika anarudi alikotoka. Kwa hiyo neno la kwanza tulilojua halikuwa "mama". Lilikuwa "na miye?" Akikubeba weye, miye "na miye?" Akinipa miye, weye "na miye?"

Na ile nyumba ya mwisho wa njia ku kalandari, tuliipigania mpaka kuvutana nywele. Mama akaamua: mulango kwa Kyungu, dirisha kwa Kabange. Leo unachukua mulango, unachukua dirisha, na Mama mwenyewe unamuchukua!

Nani anamusugua magoti na mafuta kila mangaribi? Nani alikaa naye Papa alipokufa? Nani anamushika mukono kwenda misa na kurudi? Lakini siku ya kuona bintu bizuri imefika, na ni siku ya Kyungu. Na ungeweza kutualika babili. Jérôme aliuliza kwa muntu mwenye kujua, akamwambia haikatazwi. Weye ulimualika mumoja. Juu ya nini?

Wivu? Ndiyo, ni wivu. Umenikwama hapa ku shingo kama mufupa wa samaki. Kama ni aibu, iwe aibu yangu.

Mama anakusalimia. Hajui naandika hivi.

Kabange


Schaerbeek, tarehe 19/4/2009

Kabange,

Jambo. Pole na kifua cha Jérôme, mwambie aache kulala ku simenti. Tatiana nimemuwekea mukoba wa masomo, Mama atarudi nao. Wim alianguka ku ngazi ya cave, chini ya nyumba, akagonga mugongo, hakuvunjika, lakini analia kama alivunjika.

Nimesoma barua yako mara nyingi, na kila mara nasimama nazunguka meza. Unauliza nani anamusugua Mama magoti. Weye! Na njo wivu wangu miye, kama unataka kuusikia. Kila asubuhi nafika Ganshoren, navaa blouse ya kazi, nasugua magoti ya Madame Lutgarde. Ni mama wa roho nzuri, ananiita "ma fille". Zamani bwana yake alifanya kazi Likasi, na Kiswahili chake ni kile cha kuamrisha tu: leta mayi, funga mulango. Namuosha, namukausha katikati ya vidole vya miguu, namupaka mafuta. Na kila siku najiuliza, hii mikono yangu, Mama yangu mwenyewe imemugusa lini? Mama yako unamuosha, unalalamika. Unakula naye bukari na sombe kila mangaribi ya Mungu, halafu unaninyima asubuhi moja ya motokari! Weye umeshiba, unachungulia sahani yangu.

Habari ya nani nilimualika na nani sikumualika, sitaiongea.

Wim amebadilisha programme. Yeye alitaka tuanze na ile mayi ya moto, miye nikakataa: njia kwanza, Mama akiwa bado na nguvu. Atakaa nyuma ku dirisha ya kuume, na miye kando yake. Nimemununulia miwani nyeusi, juu jua ya kule inachoma macho. Chakula tutabeba mu kitunguu... angalia, hata kuandika nakosea, mu kitunga. Unanikasirisha mpaka maneno yananichanganya.

Tafazali, usimujaze Mama kichwa. Muache aje na furaha.

Kyungu


Katuba, tarehe 10/5/2009

Kyungu,

Jambo kwako na kwa Wim na mugongo yake. Barua hii inakuja mu sakoshi ya Mama, chini ya chapelet yake ya kusali. Hajui kusoma, kwa hiyo haina shida.

Nakupa habari za kumulea, juu umesahau. Asilale mulango umefungwa, atafikiri ni jeneza. Chai yake anataka sukari kijiko mbili. Docteur amekataza, kwa hiyo mupe moja umwambie ni mbili. Bitoyo, samaki yake ya chumvi, amebeba mu valise, amefunga ndani ya bikwembe, ikinuka usimusemeshe vibaya. Ukimuosha, anza na mugongo. Mayi ikiwa mugongoni njo anaanza kusimulia mambo ya zamani, ukianza na miguu ananyamaza. Unaona, nakupa hata hiyo. Ilikuwa yangu peke yangu.

Sikumujaza kichwa. Kesho tunamusindikiza ku ndege, Luano. Nitamuaga kama mutoto yeyote anavyoaga mama yake.

Muonyeshe njia yenu.

Kabange


Schaerbeek, tarehe 14/6/2009

Kabange,

Mama eko muzuri, anakusalimia, anasalimia Jérôme na batoto na jirani yote ya avenue. Amenenepa. Mu kanisa bamama ya kwetu walimupokea na nyimbo, akakaa mbele kama mwenye parokia. Wim anamuita Mama Chef. Nilimuosha nikaanza na mugongo, akasimulia. Aksanti kwa hiyo.

Sasa nikuambie Italia. Lakini nafikiri unaijua tayari.

Tulitoka Sienne asubuhi. Hewa ilikuwa safi, mvua ilinyesha jana yake. Mama nyuma ku dirisha, miwani nyeusi ku uso, kilemba chake cha Pasaka. Wim anaendesha kama eko ku reli, motokari za Bataliano zinamupita zikipiga honi.

"Mama, angalia kilima!"

"Mm."

"Mama, angalia kondoo!"

"Mm."

Nikasema labda ndege imemuchosha. Tukapita muji mudogo wa San Quirico, njia ikapinda ikaanza kupanda, na pale mbele nikaona muti wa kwanza, mwembamba, mweusi, umesimama. Moyo ulinipiga, Kabange! Nikamushika mukono: "Mama! Kalandari!" Niliona jasho ku uso wake, nikamutoa miwani nimupanguse.

Macho yalikuwa yamefungwa. Si usingizi. Alikuwa amekaza kope kama mutoto anayenyweshwa dawa ya kinini.

Nikasema, Mama, unaumwa? Akasema hapana. Basi fungua macho, ni ile njia! Akasema, "Najua. Nasikia inapanda." Fungua, Mama! Njo akasema: "Kabange hayuko hapa. Nilibeba babili. Nitaona na babili, ama nitaacha."

Nilimuomba. Nililia. Mawe wee, nilimupigia kelele, Mama yangu mwenyewe, mu njia ya bantu, mpaka Wim akasimamisha motokari ku changarawe akatoka akaenda kuvuta sigara, na aliacha sigara zamani! Mama alishusha kioo, akanusa hewa, akanyoosha mukono nje. Macho, hapana. Aliyafungua Pienza, ku parking, mbele ya ukuta.

Ulimwambia nini ku Luano? Niandikie. Nilipanga ile asubuhi miye, kona kwa kona, carte imeharibika kwa kukunjwa. Na weye uko Katuba, huna visa, huna ndege, na bado ulikaa katikati yetu mu ile motokari, umejaza kiti chote!

Na nikuulize neno moja, halafu ninyamaze. Kwa ajili yako Mama alifunga macho. Kwa ajili yangu, miaka hii yote niliyokaa mu baridi, alifunga nini? Na miye?

Kyungu


Katuba, tarehe 2/8/2009

Kyungu,

Mama alifika salama. Jérôme anakushukuru kwa koti, batoto wanakushukuru kwa chokoleti. Ilifika imeyeyuka, wakailamba ku karatasi. Tatiana analala na mukoba wake. Ukuta wa choo umeanguka tena.

Nitakuambia kweli. Niliposoma barua yako nilicheka. Nilicheka mpaka Jérôme akatoka nje kuangalia nimepatwa na nini. Wivu ukishiba ni mutamu, Kyungu, bantu ya kanisa basikudanganye. Nikasema mu roho: haya, mulango wake na dirisha yangu, byote bimefungwa! Halafu nikafika mwisho, pale uliandika "na miye?", na utamu ukaisha.

Nilimwambia nini Luano? Mbele ya mulango wa basafiri nilimushika mukono, nikasema, "Na miye, Mama?" Basi. Sikumuomba afunge macho. Kichwa changu kisingefika pale. Alinipapasa shavu, akaenda.

Sasa unauliza kwako alifunga nini. Hii sikukuandikia hata siku moja, juu iliniuma mubaya. Unakumbuka harusi yangu? Hukumbuki, hukukuwako, bado ulikuwa unangojea makaratasi yako kule. Nilikutumia picha. Zitafute uangalie tena. Mu picha yote Mama amekaa. Orchestre ilipiga, bashemeki walimuvuta mikono, dada za Jérôme wakamuimbia jina lake. Mama wa bibi arusi, mwenye kucheza kupita bamama yote ya Katuba, akakatalia ku kiti! Bantu bakaanza kunong'ona kwamba hataki Jérôme. Mama mukwe mpaka leo ananiangalia kwa jicho la pembeni. Nilimufuata na voile yangu ku kichwa, nikamwambia, Mama, unanitia haya, simama! Akasema, "Kyungu hayuko hapa." Tu vile.

Nililia ndani ya harusi yangu mwenyewe. Bantu wakafikiri ni machozi ya furaha, wakapiga vigelegele. Siku ile nilikuchukia, weye kule Bruxelles huna habari. Na tangu siku ile hajacheza, Kyungu. Ku ubatizo wa Tatiana hakucheza. Ku jubilé ya parokia hakucheza. Kwangu amefunga macho mara moja, asubuhi moja. Kwako amefunga miguu, na bado imefungwa. Sasa nani kati yetu mwenye kuona wivu?

Iko na jambo lingine. Kila mangaribi nikimusugua magoti ananisimulia ile njia. Ananiambia harufu ya majani yaliyokatwa, kengele za kondoo, changarawe chini ya magurudumu. Anasema miti aliihesabu ku shavu: kivuli, jua, kivuli, jua, mpaka juu. Halafu ananiuliza: kushoto kulikuwa nini? Na ile nyumba, mulango wake ni wa rangi gani? Ananiambia, "Andikia Kyungu. Yeye aliona."

Njo nakuandikia. Tuambie.

Kabange wako


Schaerbeek, tarehe 20/9/2009

Kabange, pacha yangu,

Jambo kwako, kwa Jérôme, kwa batoto, na kwa Mama yetu. Hapa majani yameanza kuanguka. Madame Lutgarde alituacha juma lililopita, polepole, mukono wake mu wangu. Neno lake la mwisho kwangu lilikuwa "funga mulango", na nilifunga.

Picha za harusi nilizitoa ku valise. Amekaa. Mu picha yote amekaa, sakoshi ku magoti. Miaka hii yote nilikuwa naangalia robe yako tu, na treni yake ndefu ya kuburuta chini, nikisema mu roho: Kabange ameolewa na orchestre, miye ndoa nilisaini tu ku commune na bashahidi babili. Mama sikumuona kabisa.

Munauliza mulango ni wa rangi gani. Sijui. Kushoto kulikuwa nini, sijui. Nimefunga macho na miye nikajaribu kukumbuka, na ninachokumbuka ni kope za Mama, jasho ku pua yake, na kilemba kimeenda upande. Niliona muti mumoja. Kutoka pale mpaka Pienza nilikuwa namuangalia yeye. Nikamuuliza Wim, juu yeye ndiye alikuwa mbele na kioo kizima. Alifikiri sana, unajua namna ya Baflamand kufikiri. Akasema goudron ya barabara ya kule ni nzuri, haina mashimo.

Alors, mwambie Mama hakuna muntu aliyeona. Asisikitike, hakuna aliyemutangulia.

Bon. Carte nimeitandika tena ku meza, Wim amerudi kula ku magoti. Mara hii nimealika babili. Ile ya kwanza usiniulize. Lakini kabla ya Italia iko kazi nyingine. Noeli nashuka Lubumbashi, nimeomba congé ku kazi, wamenipa. Mwambie Jérôme atoe costume yake ya harusi mu sanduku. Na weye utafute voile, kwa robe sisemi kitu, nimeona picha yako ya juzi, umenenepa. Tafuta orchestre yoyote, hata ya kwaya, hata ngoma mbili. Mama mukwe wako umukaribishe kwanza, umuweke mbele, aone vizuri. Miye nitasimama kando yako, na tutaona kama Mama Mapasa atakatalia tena ku kiti.

Magoti yake uyasugue na mafuta kila siku, yapate nguvu. Hapana, acha. Nikifika nitayasugua miye.

Najua sasa hivi unasema "na miye?" Haya, leta na yako.

Kyungu